Paa la bati bila dari ni adui wa elimu

Wahenga walipotuachia methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakipiga fumbo tupu. Walikuwa watu waliojenga kwa mikono yao, wakaona ufa mwembamba kama uzi ukipokea maji ya masika, na msimu uliofuata wakajikuta wakibeba mawe upya. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuipitia haraka maana ya nje ya methali hiyo ili tuifikie ile ya ndani, kuhusu tabia, malezi na siasa. Leo namwomba msomaji aniruhusu nirudi kwenye maana ya nje, nizungumzie ukuta wenyewe na paa lenyewe, hasa kuta na mapaa ya madarasa ya watoto wetu.

Kisa kilichonisukuma kushika kalamu ni hiki. Muhula mmoja wa masika nilikwenda kukagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya kutwa nilipelekwa kwenye darasa jipya kabisa. Kuta zilikuwa za mawe ya kuchonga, rangi ilinukia bado, na kando ya mlango palikuwa na bamba lililotaja siku ya ufunguzi na mheshimiwa aliyekata utepe. Nilipoinua macho nikaona boriti, mbao na mabati yanayong'aa. Dari haikuwepo.

Msichana aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vyema. Somo lilikuwa sauti za Kiswahili, nalo alilianza kwa jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: fua na vua, fisi na sisi. Wanafunzi walikuwa wakimwitikia kwa furaha. Dakika ya kumi na tano mvua ikaanza. Kwanza yalikuja matone ya hapa na pale, kisha mvumo, kisha ngurumo isiyokatika. Mwalimu akapaza sauti. Akapaza zaidi. Akaja katikati ya madawati na kurudia, lakini waliokuwa nyuma wakawa wanatazama midomo yake kama watu wanaotazama samaki. Hatimaye akaandika zoezi ubaoni na kusimama kimya huku mikono ameifumbata. Mvua ilipokatika, kengele ilikuwa imekwisha kulia.

Nami nilikuwa na fomu mkononi. Fomu ile ina nafasi ya maandalizi, ya matumizi ya ubao, ya udhibiti wa darasa, na ina nafasi ya usikikaji wa sauti ya mwalimu. Nafasi ya paa haina. Nilikaa na kalamu yangu nikijiuliza: ni nani hasa aliyeshindwa hapa?

Tuanze na kelele, kwa kuwa hilo ndilo jambo ninalolifahamu kwa taaluma yangu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kuwa kelele za pembeni darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Mwalimu anayezungumza kwa sauti ya kawaida husikika kwa desibeli zipatazo 60 na mtu aliye mita moja mbele yake. Kila umbali unapoongezeka maradufu katika uwanja ulio wazi, sauti hiyo hupungua kwa desibeli zipatazo 6. Ndani ya chumba kuta huirudisha kidogo, lakini haimfikii wa nyuma ikiwa kamili. Ili mtoto asikie bila taabu, inafaa sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli kama 15. Sasa mvua kubwa juu ya bati tupu huweza kufika desibeli 70 na kupita. Hesabu hiyo haihitaji daktari wa falsafa. Mtoto wa dawati la mwisho anapokea mvua, hapokei somo.

Wala si kwamba anakosa nusu ya maneno na kubaki na nusu nyingine salama. Nguvu kubwa ya usemi wetu imo katika irabu, ilhali kinachotofautisha neno na neno aghalabu ni konsonanti. Sauti kama /f/, /s/, /th/ na /sh/ ni dhaifu, nazo zimeundwa kwa mkwaruzo wa hewa unaofanana sana na sauti ya mvua yenyewe. Kwa hiyo mvua inapopiga bati huzifunika hizo kwanza. Mtoto husikia irabu mbili za "sisi" na "fisi" lakini hajui kama anatajwa yeye au mnyama. Mtu mzima anayesikiliza lugha yake ya mama huweza kuziba pengo kwa kukisia. Mtoto hana akiba hiyo ya maneno, na mtoto anayefundishwa kwa lugha yake ya pili au ya tatu, kama walivyo wengi katika nchi hii, hana hata kidogo. Tunamlaumu kwamba hajui tahajia, kumbe neno lenyewe hakuwahi kulisikia.

Mwalimu naye hulipa gharama yake. Kupaza sauti siku baada ya siku huchosha nyuzi za koo, na walimu wengi wamezoea kumaliza wiki wakiwa wamepwelewa sauti. Tunawapa maji ya moto na ndimu ilhali dawa ilipaswa kuwekwa juu ya vichwa vyao siku jengo lilipojengwa.

Mvua ikipita, jua hutoka, na hapo tunaingia katika shida ya pili. Chuma hupitisha joto kwa urahisi, na bati la kuezekea lina unene usiofika hata milimita moja. Hapa kuna mtego wa lugha ambao wanunuzi wengi hunaswa nao: kadiri nambari ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Mzazi katika kamati ya shule huona geji 32 na kudhani amepata zaidi ya geji 28, kumbe amepata pungufu. Bati hilo likipigwa na jua la mchana huweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi na zaidi. Kisha huurusha mnururisho wa joto moja kwa moja kwenye vichwa vya watoto walio chini yake, hata kama madirisha yote yamefunguliwa. Mwalimu wa Garissa, Lodwar au Hola hahitaji kuambiwa na mimi jinsi darasa la saa nane mchana linavyokuwa. Watoto husinzia, naye huwaita wavivu.

Majirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto kali mwezi Machi 2024, wakafanya hivyo tena Februari 2025. Huko madarasa mengi ni ya mabati, kuta na paa. Tusingoje tufike hapo ndipo tuanze kuuliza maswali.

Huenda msomaji wa Kinangop, Molo au Limuru anatabasamu akisema kuwa joto si tatizo lake. Yeye ana tatizo lililo pacha wa hilo. Usiku wa baridi bati hupoa upesi kama lilivyopata moto upesi. Ndani ya bweni lililojaa, pumzi za watoto hupanda zikiwa na mvuke, hugusa bati baridi, na mvuke huo hugeuka maji. Alfajiri paa hutona juu ya magodoro na vitabu. Mwalimu mkuu huamua kwamba paa linavuja, hununua lami, humpandisha fundi juu, na baada ya wiki mbili paa hutona vilevile, kwa maana halikuwa limevuja hata siku moja. Lilikuwa likitoa jasho. Tiba yake ni kinga ya joto chini ya bati pamoja na matundu ya kupitishia hewa. Pasipo hivyo, kuvu huota kwenye kuta na kona za dari, na mtoto mwenye pumu hukohoa muhula mzima.

Adui wa tatu hutoka chini. Mawe, matofali na saruji vina vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ndiyo sababu wajenzi huweka utando wa kuzuia unyevu juu ya msingi, kimo cha sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na kutandaza karatasi nzito ya plastiki chini ya sakafu. Utando huo ukikosekana au ukichanika, rangi hubabuka, lipu huvimba na kumeguka, na chumvi nyeupe hujitokeza ukutani. Mara nyingi utando upo lakini tumeuhujumu wenyewe. Nimezitembelea shule nyingi ambazo kwa nia njema kabisa zimepanda maua sambamba na kuta za madarasa, udongo ukarundikwa juu ya kimo cha utando, na maua yakamwagiliwa kila jioni. Maua yanapendeza, ukuta unaoza.

Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama vile Mwea, nyanda za Kano na nyanda za Athi, hali ni mbaya zaidi. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na msingi usiochimbwa ukaufikia udongo mgumu hupanda na kushuka pamoja nao. Hapo ndipo ufa wa methali unapozaliwa. Paa lisilo na mlizamu humwaga maji yake yote miguuni mwa ukuta, na kuuongezea udongo huo kiu na shibe kwa zamu. Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7, mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 33,600. Maji hayo, ambayo yangejaza tangi na kuwanywesha watoto, tunayaacha yauchimbe msingi, kisha tunawatuma watoto haohao mtoni na madumu.

Nyufa zikipuuzwa mwisho wake tunaujua. Jengo la ghorofa lililoanguka Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016 lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Mnamo Septemba 2019 darasa la shule moja huko Ngando, pia Nairobi, liliporomoka asubuhi na kuua watoto wasiopungua saba. Maafa kama hayo hutufanya tuunde tume na kutoa rambirambi. Lakini kasoro ninazozizungumzia hapa haziui kwa kishindo, na hiyo ndiyo hatari yake. Zinaiba dakika ishirini leo na saa nzima kesho, na hakuna anayetangaza msiba.

Je, ni kwa sababu hatukujua kujenga? La hasha. Tembea Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hupokea joto polepole, na ndani kunabaki na ubaridi wakati nje panaunguza. Sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na madirisha na nyua zimepangwa ili upepo upite. Hata nyumba ya makuti iliyo kando yake humhifadhi mwenyewe na jua, na mvua ikinyesha juu yake unaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Kuta zile za chokaa zina funzo jingine. Hupumua, yaani huruhusu unyevu utoke. Fundi wa leo anayezipiga lipu ya saruji kwa nia ya kuziimarisha huufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe huanza kumeguka nyuma ya lipu. Saruji si dawa ya kila ukuta.

Naona sababu tatu za kupotea kwa hekima hiyo. Ya kwanza ni pupa. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila malipo mwaka 2003, na mwaka huohuo sheria ya hazina ya maeneobunge ikapitishwa, tumejenga kwa haraka ya kuhesabiwa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa kujenga madarasa 10,000 kwa ajili ya mtaala mpya. Sipingi. Watoto walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Lakini anayehesabu madarasa huhesabu kuta na mapaa. Fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni dari, kisha mlizamu, kisha utando wa msingi ambao hauonekani na yeyote. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kukata utepe wa mlizamu.

Sababu ya pili ni kwamba tunajenga bila kutunza. Shule hupewa fedha za jengo jipya kwa urahisi kuliko za kubadilisha misumari ya jengo la zamani. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, wala si bondeni maji yanakopita, na mpira wake huchakaa kwa jua. Kuukagua ni kazi ya fundi mmoja na ngazi kwa siku moja kila mwaka kabla ya masika. Kazi hiyo haina fungu, haina fomu, na kwa hiyo haina mwenyewe.

Sababu ya tatu inanihusu mimi na wenzangu wa lugha, nami sitaikwepa. Kanuni za ujenzi tulizozitumia tangu mwaka 1968 ziliandikwa kwa Kiingereza, na kanuni mpya za mwaka 2024 zimeandikwa kwa Kiingereza pia, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mhandisi hufundishwa kwa Kiingereza na huchora kwa Kiingereza. Anayeweka jiwe juu ya jiwe huzungumza Kiswahili. Katika mambo ambayo fundi ameyarithi pamoja na majina yake, hakosei: anajua timazi, pima maji, mwiko, boriti na mtambaapanya, na anajua kila kimoja ni cha nini. Utando wa kuzuia unyevu anauita kwa herufi tatu za Kiingereza, DPC, na aghalabu hajui herufi hizo zinasimamia nini. Kwake ni kipande cha plastiki kinachotakiwa na mkaguzi. Akikichana kwa beleshi haoni kuwa ametoboa mtumbwi. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukionea uchungu, na sisi wenye shahada za isimu tumekaa miaka mingi tukibishana juu ya istilahi za isimu yenyewe huku fundi akingoja neno moja la kumwokolea ukuta.

Basi tufanye nini? Kwanza, Wizara ya Elimu iandike wazi kwamba darasa lisilo na dari, mlizamu na utando wa msingi ni jengo lisilokamilika, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka vitu hivyo vitatu vionekane. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 ulishughulikia vipimo vya madarasa, milango na madirisha. Unaweza kuongezewa usikivu na joto. Dari iwe ya vifaa visivyoshika moto kwa urahisi, kwani tumezika watoto wa kutosha kwa moto wa mabweni. Pili, mahali ambapo fedha za dari hazipo mwaka huu, yapo mambo madogo yanayosaidia: kulipaka bati rangi nyeupe kwa juu ili lirudishe jua, kuacha matundu ya hewa chini ya paa, kupanda miti ya kivuli mbali kidogo na ukuta, na kuyahamisha yale maua. Tatu, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ishirikiane na vyuo vikuu kutoa kijitabu cha kanuni za msingi kwa Kiswahili chepesi chenye michoro. Mimi niko tayari kuifanya sehemu yangu bila malipo, na najua wenzangu watakaojiunga nami.

Wapo watakaosema kwamba ninadai anasa wakati watoto wengine wanasomea chini ya miti. Nimewasikia, na nina jibu. Mwembe una kinga ya joto iliyo bora kuliko bati tupu, na chini yake mwalimu husikika. Ukimtoa mtoto chini ya mwembe, mpeleke mahali palipo bora kuliko mwembe.

Kuhusu fomu ile, nilimpa yule msichana alama alizostahili kwa dakika kumi na tano nilizomsikia. Kisha pembezoni, mahali pasipo na nafasi rasmi, nikaandika: "Darasa halina dari." Sidhani kama kuna aliyeisoma sentensi hiyo, kwa kuwa fomu zetu huishia kabatini. Ndiyo sababu nimeiandika hapa, mahali ambapo walimu na wazazi huisoma asubuhi. Masika hayangoji, na fundi wa ngazi hapaswi kungoja tume.